Reli ya kuelea: Namna ya kuunda kifaa cha wekibodi kwa mapipa na mbao

Na MWANDISHI WETU

MTU akitajiwa Katelembo, nje kidogo ya mji wa Machakos, huwaza mashamba, ng'ombe na chama cha ushirika cha Katelembo Athiani Muputi ambacho jina lake limehusishwa na ardhi ya huko kwa miaka mingi. Hawazi michezo ya majini. Hata hivyo, Ukambani si nchi isiyo na maji yaliyotuama. Tangu serikali ya kikoloni ilipoanza kupambana na mmomonyoko wa udongo, masilanga mengi yamechimbwa katika vilima hivi, na wakulima wenyewe wameendelea kuyachimba hadi leo.

Katika silanga la namna hiyo ndipo kijana mwenye ari anaweza kuanzisha mchezo wa wekibodi, yaani kuteleza juu ya maji akiwa amefungwa miguu kwenye ubao mmoja huku akivutwa kwa kamba. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunda kifaa kimoja cha mchezo huo kwa gharama nafuu: reli ya kuelea, ambayo mchezaji hupanda nayo kutoka majini, akateleza juu yake, kisha akashuka tena majini.

Mchezo wenyewe si mkongwe. Kuteleza majini kwa mbao mbili zilizovaliwa kama viatu kulianzishwa na Mmarekani Ralph Samuelson mwaka 1922 katika jimbo la Minnesota. Ubao mmoja wa kuvutwa ulipata umaarufu miaka ya 1980, na kufikia 2011 wekibodi ilikuwa miongoni mwa michezo minane iliyofikiriwa kuingizwa katika Olimpiki ya 2020, ingawa haikufaulu.

Aliyeuwezesha mchezo huu kufika mahali pasipo na bahari wala mashua ni Mjerumani Bruno Rixen, ambaye katika miaka ya 1960 alibuni mtambo wa nyaya unaowavuta wachezaji kuzunguka kidimbwi. Reli zilizaliwa katika vidimbwi hivyo, kwa kuiga vijana wa mijini wanaoteleza kwa vibao vya magurudumu kwenye vyuma vya ngazi. Reli mpya ya kiwandani hugharimu maelfu ya dola. Ukiitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba ni chelezo tu chenye mgongo laini, na chelezo si jambo geni kwetu. Wailchamus wa Ziwa Baringo huunda vyombo vyao kwa miti myepesi sana inayoota kando ya ziwa, na mjini Mombasa daraja la waendao kwa miguu la Liwatoni, lililoanza kutumika mwaka 2021, lilijengwa juu ya maboya makubwa ya chuma.

Silanga lipi linafaa?

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, chagua maji. Bwawa la Maruba, ambalo huupatia mji wa Machakos maji ya matumizi, si mahali pa kuanzia. Mabwawa ya mchanga, ambayo Machakos imesifika kwayo, hayafai kabisa kwa kuwa maji yake yamejificha ndani ya mchanga. Kinachohitajika ni silanga la shamba lenye urefu wa mita 100 au zaidi na kina kisichopungua mita moja na nusu pande zote za reli.

Kina hicho kipimwe kwa mti mrefu, tena mahali pengi. Silanga hujaa tope mwaka hadi mwaka, na palipokuwa na mita tatu wakati wa kuchimbwa huenda leo pana moja. Pima pia visiki na mawe yaliyozama, kwani mchezaji huangukia ubavuni mwa reli mara nyingi zaidi kuliko anavyofika mwisho wake.

Ikiwa silanga ni la jamii au liko kwenye mkondo wa mto, mwenye wazo hili hana budi kuzungumza na chama cha watumiaji maji cha eneo hilo pamoja na ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Wanaoteka maji hapo na wanaonywesha mifugo wana haki ya kwanza. Kijana atakayewatimulia tope akina mama waliobeba mitungi hatacheza mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilitaji, nalo ni kichocho. Machakos ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako ugonjwa huo umechunguzwa sana, hasa pande za Kangundo katika miaka ya 1980. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia yenye majani kingoni, na vimelea huwatoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Anayeingia silanga aingie mapema asubuhi, afyeke majani mahali pa kuingilia, ajifute mara atokapo, na apimwe hospitalini. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na hutibu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, asiyekuwa tayari kupimwa asicheze.

Hesabu ya kuelea

Mafundi wengi huongeza mapipa kwa kubahatisha, wakidhani kwamba pipa likizidi usalama nao huzidi. Matokeo yake ni chelezo kinachokaa juu ya maji kama meza, na mchezaji anayeanza hawezi kukipanda. Hesabu yenyewe si ngumu. Kila lita ya maji inayosukumwa kando hubeba kilo moja.

Pipa la plastiki la lita 210 lina uzito wa kilo 10 hivi, kwa hiyo linaweza kubeba kilo 200 kabla ya kuzama. Mtungi wa lita 20 hubeba kilo 19. Chupa ya soda ya lita mbili hubeba karibu kilo mbili, maana yake ni kwamba chupa 100 zilizofungwa vizuri ni sawa na pipa moja. Lakini chupa hizo hupasuka mapema juani, na ukarabati wake humchosha mtu.

Tuchukue reli yenye urefu wa mita sita. Boriti mbili za sipresi za mita sita, zenye upana wa inchi sita na unene wa inchi mbili, zitakuwa na kilo 44 zikiwa kavu. Mbao saba za kukatiza na nguzo fupi za kuinulia mgongo zitaongeza kilo 60. Mabomba ya mgongo ni kilo 30, bolti na minyororo kilo 15, na vifuniko vya ubavuni kilo 20. Mbao zikishalowa huongezeka uzito kwa karibu nusu, kwa hiyo tuhesabu kilo 220 zote pamoja.

Kwa uzito huo mapipa manne yanatosha. Yakiongezwa uzito wao wenyewe wa kilo 40, chelezo kitahitaji kusukuma lita 260 kati ya 840 za mapipa yote. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 58, likilazwa ubavu, litazama sentimita 20 hivi. Mchezaji wa kilo 80 akisimama katikati, litashuka sentimita tano zaidi. Akisimama mwisho mmoja, mapipa mawili ya upande huo yatazama hadi nusu, na hapo bado kuna akiba ya kutosha kwa kishindo cha mtu anayetua kutoka hewani.

Mapipa yalazwe sambamba na boriti, mawili kila mwisho, yakiwa yametengana upana wa mita moja na robo. Upana huo ndio huzuia chelezo kupinduka. Wavuvi wa pwani wanalijua jambo hili bila hesabu: ngalawa ni jembamba kama nyoka, lakini halipinduki kwa sababu ya matengo yake, zile mbao mbili za pembeni. Tena boriti zisikalishwe juu ya mapipa, bali zipite katikati yao, usawa wa kitovu cha pipa. Hivyo mgongo wa reli utakuwa sentimita 40 tu juu ya maji, badala ya karibu mita moja.

Wako wanaotia maji ndani ya mapipa ili kuyatuliza. Hilo ni kosa. Maji yaliyo nusu pipa hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia kuinama. Ukitaka uzito wa kutuliza, ning'iniza magunia ya mchanga chini ya fremu.

Vifaa na mahali pa kubana matumizi

Mapipa ya mitumba hupatikana katika karakana za jua kali na kwa wafanyabiashara wa mafuta ya kupikia. Usinunue pipa lililobeba dawa za kuulia wadudu wala kemikali za viwandani, hata likitolewa bure. Mabaki hayaishi kwa kusuuzwa, na silanga hunywewa na watu na ng'ombe. Pipa lililobeba mafuta ya kupikia au molasi halina madhara likioshwa kwa sabuni na maji moto.

Nunua mapipa matano. La tano lipasuliwe kwa msumeno litoe mabapa ya plastiki ya kufunikia ubavu.

Mgongo wa reli ndio mahali pasipostahili ubahili. Bomba la kahawia la maji taka ni rahisi na linauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini jua hulifanya kuwa kavu na jepesi kuvunjika, na likivunjika huacha kingo zenye makali ya kisu. Bomba jeusi la poliethilini, lile linalochimbiwa ardhini kupitishia maji, hustahimili jua na kipigo. Vipande vilivyosalia katika miradi ya maji mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Mabomba matatu ya milimita 110 yakilazwa ubavu kwa ubavu hufanya mgongo wa sentimita 33, upana unaomfaa anayejifunza. Bomba moja ni la mabingwa.

Mbao za sipresi zinatosha, mradi ziwe zimenyooka na hazina mafundo makubwa. Desturi ya kupaka mbao mafuta machafu ya gari ili mchwa wasile haina nafasi hapa, kwani mafuta hayo yataishia majini. Mbao zisizopakwa kitu zitadumu misimu michache, na boriti ikioza hubadilishwa. Bolti na nati ziwe za chuma kilichopakwa zinki. Misumari mitupu hulegea kwa mtikisiko wa maji.

Kufungia mapipa, wengi watafikiria mpira wa blada, ule unaofungia mizigo kwenye baiskeli. Ni imara kwa mwezi mmoja, kisha hukauka na kukatika. Mikanda ya kufungia mizigo ya malori, hata iliyotumika, ni bora zaidi. Kila pipa lipate mikanda miwili, na kila mkanda uzuiliwe na kipande cha ubao usiteleze.

Hatua za uundaji

Fremu iundwe kando ya maji, si nyumbani. Mwandishi huyu aliwahi kuunda chelezo uani kwake, akahitaji watu wanane na gari la kukokotwa na punda kukifikisha silanga lililo umbali wa nusu kilomita, na nguzo moja ikavunjika njiani.

Laza boriti mbili sambamba, zifunge kwa mbao za kukatiza, na upime pembe kwa pembe kwa kamba ili fremu isiwe imepinda. Kila kichwa cha bolti kizamishwe ndani ya ubao. Hakuna chuma kinachopaswa kuchomoza popote mwili wa mtu unapoweza kufika, na mwili wa mtu aangukaye hufika kila mahali.

Juu ya mbao za kukatiza simamisha nguzo fupi na ubao wa kulalia mabomba. Bomba halifungwi kwa juu. Toboa tundu kubwa ubavuni mwake kwa keekee, pitisha bisibisi humo, na ukaze parafujo kupitia ukuta wa chini hadi kwenye ubao. Bomba la pili litaziba tundu la kwanza, na la tatu litaziba la pili.

Plastiki nyeusi hurefuka juani. Bomba la mita sita laweza kuongezeka takriban sentimita mbili kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Kwa hiyo kaza mabomba barabara upande wa kupandia tu, na kwingineko matundu ya parafujo yawe marefu kidogo ili bomba lipate kusogea. Asiyefanya hivyo atakuta mgongo umepinda kama upinde.

Sasa sehemu ya hatari kuliko zote, mlango wa kupandia. Ncha ya reli anayoijia mchezaji lazima izame sentimita 20 chini ya maji, ikipanda polepole hadi juu kwa urefu wa mita moja na nusu hivi. Ncha ikibaki usawa wa maji, au juu yake kidogo, ubao utaigonga badala ya kuipanda, na mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa ataendelea mbele kifua kwanza. Kumbuka pia kwamba chelezo huinuka kadiri mbao zinavyokauka. Kipimo cha ncha kikaguliwe kila siku ya mchezo kabla ya mtu wa kwanza kuvutwa.

Mabapa ya pipa la tano yafunike pande zote mbili kuanzia mgongo hadi chini ya maji, bila kuacha mwanya wa kupitisha mguu au mkono. Usitumie wavu. Wavu humnasa mtu, na aliyenaswa chini ya chelezo hana muda wa kutosha wa kukatiwa.

Mapipa yazibwe vifuniko asubuhi kungali baridi, vikipakwa gundi ya mabomba, na vifuniko vitazame juu. Pipa lililozibwa hewa yake ikiwa moto hubonyea litiwapo majini, na hunyonya maji kupitia uzi wa kifuniko.

Chelezo kikishaelea, wasimame watu wawili kwenye kona moja. Kona ikizama hadi mgongo ulowe, au upande wa pili ukinyanyuka majini, mapipa yatengane zaidi.

Nanga

Chelezo kisichotulia ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Nanga rahisi ni tairi kuukuu la lori lililojazwa zege, na katikati yake nondo iliyokunjwa kuwa pete. Fahamu kwamba zege hupoteza zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake ndani ya maji: tairi la kilo 50 huvuta kama kilo 29 tu. Kwa reli hii ziwekwe nanga nne za kilo 80 au zaidi, moja kila kona, kamba zake zikitawanyika nje na kushuka moja kwa moja kutoka chini ya fremu. Kamba isipite juu juu ya maji hata kidogo.

Kuhusu kumvuta mchezaji, mashua haina nafasi katika silanga. Vijana katika nchi nyingi hutumia winchi waliyojiundia, yenye injini ndogo ya petroli ya nguvu za farasi sita hadi tisa na gurudumu la kukunjia kamba. Injini hiyo iwe na swichi ya kuizima papo hapo, na anayeishika asimtoe mchezaji machoni. Kuna wanaotumia pikipiki ikikimbia kwenye ukingo. Mwandishi haungi mkono jambo hilo, kwani dereva hawezi kutazama njia na mtu aliye majini kwa wakati mmoja, na kuta za masilanga yetu hubomoka.

Helmeti na jaketi la kuelea si mapambo. Mchezaji awe anajua kuogelea hata akiwa na jaketi, na pawepo mtu wa pili anayejua kuogelea, mwenye kamba ya kurusha. Watoto wa jirani watavutwa na chelezo hiki kuliko mchezaji mwenyewe, nao watakuja wakati hakuna mtu. Baada ya mchezo kivutwe hadi ukingoni na kufungwa kwa mnyororo na kufuli.

Ukame ukifika

Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, kwa hiyo Desemba na Januari ndio msimu mzuri wa mchezo huu. Baada ya hapo maji hupungua wiki baada ya wiki hadi mvua za masika za Machi. Kina kikishuka chini ya mita moja na nusu, reli ifunguliwe.

Fremu isiachwe kuoza ufukoni. Mabomba yakitolewa, chelezo kilekile ni jukwaa zuri la pampu ya kumwagilia mboga. Pampu iliyo ukingoni hulazimika kunyonya maji kutoka mbali chini, na katika mwinuko wa Machakos, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, pampu ya kawaida huanza kushindwa maji yakiwa takriban mita sita chini yake. Ikiwa juu ya chelezo, hushuka pamoja na maji. Mdomo wa bomba la kunyonyea uning'inizwe sentimita 50 chini ya maji, ambako tope ni kidogo, na chini ya pampu pawekwe sinia la bati la kukinga petroli isidondoke.

Kamba za nanga zinahitaji jicho mwaka mzima. Maji yakipungua hulegea na chelezo hutangatanga. Mvua ikinyesha usiku kucha na silanga likajaa, kamba fupi hukishika chelezo na kukivuta chini ya maji. Ziachwe na urefu wa ziada wa mita mbili zilizokunjwa kwenye fremu, na mvua kubwa ikitarajiwa, zilegezwe jioni.